Kila mtu anasema "naendelea vizuri", kumbe kazi imekwama

Swali

"Nimepewa kuongoza timu ya watu saba, nikiwemo mimi, inayotengeneza mfumo wa malipo hapa Dar es Salaam. Kila asubuhi tunakaa kikao cha dakika kumi na tano na kila mtu husema 'naendelea vizuri'. Mwezi uliopita, siku moja kabla ya kuwasha toleo jipya, ndipo nilipogundua kwamba muunganisho na benki haujawahi kufanya kazi hata mara moja, na vijana wawili walikuwa wanajua kwa wiki nzima. Mara ngapi nimewaambia mlango wangu uko wazi! Meneja wangu anasema Waswahili ndivyo tulivyo, heshima nyingi, ukweli hatuusemi mbele ya wakubwa. Kwenye timu yupo pia mzee wetu wa hifadhidata, amenizidi karibu miaka ishirini, na akishasema yeye hakuna anayeongeza neno. Sasa uongozi unataka kuniongezea watu watano ili tuwahi. Nifanyeje?"

Jibu

Dada yangu, nianze na maneno ya meneja wako, maana ukiyameza hayo hakuna ushauri mwingine utakaokufaa.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol walikuwa Utah, Marekani, wakizungumza kwa simu na maofisa wa NASA. Kampuni yao ndiyo iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga Challenger, kilichopangwa kurushwa Florida asubuhi iliyofuata, na utabiri ulionyesha baridi kali. Wahandisi walisema bila kuzunguka: mipira inayoziba maungio ya roketi hukakamaa kwenye baridi, kwa hiyo tusirushe chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Maofisa wa NASA hawakupendezwa, wakawabana kwa maswali. Viongozi wa Thiokol wakaomba muda wa kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, na humo mkubwa mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Waliporudi kwenye simu msimamo ulikuwa umegeuka. Ofisa wa NASA akauliza kama yupo yeyote mwenye maoni tofauti. Hakuna aliyejibu. Kesho yake Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa.

Kwenye simu ile hapakuwa na aliyemwamkia mwenzake shikamoo. Walikuwa wahandisi waliobobea, katika nchi inayojisifu kwa kusema wazi, na walikuwa wamekwisha kusema. Walinyamaza baada ya kuona walichopata kwa kusema. Kwa hiyo siku nyingine meneja akikuambia habari za Waswahili na heshima yao, mwambie kwa adabu kwamba ukimya ni hesabu, na mtu yeyote mwenye akili anaipiga. Kijana wako anajiuliza: wa mwisho kuleta habari mbaya hapa alifanywaje? Jibu la swali hilo ndilo linalomfungua mdomo au kumfunga. Tangazo la mlango wazi haliingii kwenye hesabu hiyo, kwa sababu kila bosi hulitoa.

Kampuni moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na ripoti ya kila Ijumaa yenye rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Aliyeweka nyekundu aliitwa ofisini Jumatatu akae na wakubwa watatu wakimhoji. Haikuchukua muda ripoti zote zikawa za kijani, na miradi ikaendelea kuchelewa vilevile. Hakuna aliyewakataza watu kusema ukweli. Walifundishwa tu, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwamba ukweli unakula asubuhi nzima.

Ndiyo maana nakuomba uangalie sana dakika ya kwanza. Chukulia kesho kijana anasema kikaoni, "Benki inaturudishia makosa, sijajua kwa nini." Wewe umeshtuka, toleo ni Ijumaa, na swali linalokujia mdomoni ni moja: "Mbona hukusema mapema?" Ni swali la haki kabisa, na una sababu ya kutaka kujua. Lakini kwa wenzake watano wanaosikiliza, hilo ndilo jibu la hesabu yao. Wamejifunza kwamba ukichelewa kusema, bora unyamaze kabisa, labda tatizo litajitatua usiku. Mwambie badala yake: "Asante kwa kulileta. Umeshajaribu nini? Nani akae na wewe leo?" Sema kwa sauti ileile unayotumia ukiletewa habari njema. Suala la kuchelewa litazungumzwa, ila liache hadi tatizo liishe, na liwe kati yenu wawili. Nimeona timu zikibadilika kwa jambo hili moja, bila kozi wala mshauri wa kukodi, kwa sababu watu humtazama kiongozi usoni kabla hawajasikiliza anachosema.

Sasa tuje kwa "naendelea vizuri". Usifikiri vijana wako walikuwa wanakudanganya. Wanaounganisha mifumo na benki mara nyingi huanza kwa majibu ya bandia: benki haijatoa mazingira ya majaribio, basi mtu anaandika kijiprogramu kinachojifanya benki, kinajibu "muamala umekubaliwa" kila kinapoulizwa, naye anaendelea na kazi yake. Anapokuambia anaendelea vizuri, upande wake kweli unaendelea vizuri. Mwenzake anayesubiri benki ifungue anwani ya seva yenu kwenye ukuta wao wa ulinzi naye anaendelea vizuri, ametuma baruapepe tangu Jumanne na anasubiri majibu. Ukiwauliza mmoja mmoja hakuna aliyekwama. Kilichokwama kiko katikati yao, na swali la "umefikia wapi?" haliwezi kukifikia, kwa sababu linamwuliza kila mtu habari za kipande chake.

Badilisha swali, na ikiwezekana badilisha kikao chenyewe. Siku ya kwanza kabisa ya kazi kama hii, kabla hata ya kujenga skrini za mteja, itake timu ipitishe muamala mmoja wa shilingi 1,000 kutoka kwenye mfumo wenu hadi kwenye mazingira ya majaribio ya benki na kurudi. Uwe mbaya, uwe wa kuandikwa kwa mkono, lakini uende na urudi. Usiporudi mtajua siku hiyohiyo kama shida ni anwani ambayo haijafunguliwa, cheti cha usalama kilichokwisha muda, au benki inataka namba ya simu ianze na 255 nanyi mnatuma inayoanza na 0. Kisha kila siku mbili tatu mmoja wenu auendeshe tena mbele ya wote. Watu wakishatazama kitu kimoja kwenye skrini, hakuna anayelazimika kuwa jasiri ili ukweli ujulikane. Kikaoni uliza jambo moja: "Ni nini kinaweza kutukwamisha kabla ya Ijumaa?" Na mwenye kujibu "hakuna" mwulize kwa upole amejuaje.

Kuna jambo jingine kuhusu vijana wale wawili, na nadhani ndilo zito zaidi. Je, walikuwa na uwezo wa kulitatua tatizo? Kijana wa miaka 24 anampigia simu mkuu wa kitengo cha mifumo cha benki, anaambiwa aandike barua rasmi, barua ipite kwa meneja wa tawi, na meneja yuko safarini. Wiki imekwisha. Akikuambia "benki hawajibu" anaogopa utaona ameshindwa kufuatilia. Watu wengi tunaodhani wanaficha matatizo wamebeba mzigo ulio juu ya cheo chao, na hawajui kama wanaruhusiwa kuukabidhi. Waambie wazi: kusubiri mtu wa nje zaidi ya siku mbili ni kazi yangu, nileteeni. Halafu wakikuletea, piga simu hiyo wakiwa wamekaa hapohapo wanasikia. Hapo mlango wako utakuwa umefunguka kweli.

Mzee wa hifadhidata. Hapa ndipo meneja wako ana robo ya ukweli, na robo hiyo inastahili kushughulikiwa kwa makini.

Mwaka 1977, tarehe 27 Machi, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kwenye visiwa vya Kanari, katika ukungu mzito. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu wa kuheshimika sana, kiongozi wa mafunzo ya 747 katika shirika lake. Ndege yake ilipokuwa tayari inakimbia kuruka, fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakuendelea. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha kuhusu ajali za namna hii, na mwaka 1981 United Airlines wakaanza kuwafundisha wafanyakazi wa chumba cha marubani namna ya kuzungumza wakiwa kazini. Mafunzo hayo, ambayo leo mashirika ya ndege duniani kote yanayo, hayakuwavua marubani wakuu heshima yao. Yaliwapa kazi ya ziada: kuomba maoni ya waliopo, na kuonyesha kwamba wanayahitaji. Wadogo nao wakafundishwa kurudia hoja kwa maneno yaliyonyooka pale ambapo swali la kwanza limepita juu juu.

Kwa hiyo usimvizie mzee kikaoni, na usijaribu kumpunguza ili vijana wapate nafasi. Atajua, vijana watajua, na utakuwa umepoteza mtu anayeijua hifadhidata yenu kuliko yeyote. Mfuate faragha. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote, kisha mwambie ukweli: "Mzee, nimekuja kuomba msaada wako. Vijana wanakuheshimu kiasi kwamba ukishasema, wananyamaza hata kama wameona kitu. Mimi siwezi kuwafungua bila wewe. Naomba kikaoni uwe unasema mwisho, na siku moja moja useme jambo ambalo wewe mwenyewe hujalielewa." Mzee akiombwa namna hii, kwa kuwa ni mzee, mara nyingi hukubali, na pengine atafanya zaidi ya ulichoomba. Heshima uliyoambiwa ni kikwazo itakuwa imefanya kazi yako. Siku atakaposema mbele ya vijana, "Hapa sijaelewa kwa nini salio linahesabiwa mara mbili, nisaidieni," atakuwa amewapa ruhusa ambayo wewe, kwa umri wako, huwezi kuwapa.

Mpangilio wa kuzungumza nao ni muhimu. Mgeni kuliko wote aanze, mzee amalizie, na wewe uwe wa mwisho kabisa. Kwa maamuzi mazito, kabla hamjafungua mdomo, kila mtu aandike mistari mitatu ya maoni yake peke yake, kisha msome. Mtu akishaandika hawezi tena kugeuza maoni yake yafanane na ya mkubwa bila wote kuona.

Na lugha. Hukuiandika, ila timu nyingi za Dar na Nairobi nilizozijua huandika kazi zao kwa Kiingereza, jambo lisilo na shida, halafu hulazimisha na kikao kiwe cha Kiingereza, hasa kama kuna mkubwa amekuja. Habari mbaya inahitaji maneno mengi: nilidhani, nikajaribu, nikaogopa kwamba. Mtu akinyimwa lugha anayoiwaza atachagua sentensi fupi iliyo salama. Waache wazungumze Kiswahili, na mmoja aandike muhtasari.

Kuhusu toleo lile la mwezi uliopita, naona kama mmefanya funika kombe mwanaharamu apite. Lifungueni. Kampuni ya GitLab, inayohifadhi programu za watengenezaji wengi duniani, ilipata pigo tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akihangaika usiku kurekebisha seva ya akiba alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Aliposhtuka sekunde chache baadaye, gigabaiti takriban 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta njia zote tano walizokuwa wakizitegemea ama hazifanyi kazi sawasawa ama hazikuwa zimewekwa. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma, ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono kwa ajili ya shughuli nyingine. Walieleza kila kitu hadharani, hata kazi ya kurejesha data ikaonyeshwa moja kwa moja YouTube.

Angalia wangeishia wapi kama wangeuliza "nani kafanya?" Wangempata mhandisi mmoja aliyechoka, wakamfukuza, wakabaki bila nakala za akiba. Kwa kuuliza imewezekanaje, walifika kwenye programu ya kunakili ambayo toleo lake halikulingana na la hifadhidata na hivyo ilikuwa inashindwa kimyakimya, na kwenye baruapepe za tahadhari ambazo seva ya barua ilikuwa inazikataa. Mfumo ulikuwa unapiga kelele kwa muda mrefu na hakuna aliyesikia.

Kaeni saa moja, mwandike mfululizo wa siku zile: Jumatatu tulijua nini, Jumanne tulijua nini. Msiandike majina, andikeni nafasi za kazi. Mkifika siku ambayo vijana walijua nawe hukujua, uliza hivi: siku ile mambo yalikuwaje hata kunyamaza kukaonekana ndiyo njia nzuri? Kisha kaa kimya usubiri, hata ukimya ukiwa mrefu. Watakachosema hapo kinaweza kukuuma. Pengine watakumbuka siku fulani ulivyomjibu mtu. Andika na hilo.

Naongeza tahadhari, kwa kuwa ninyi mnashika pesa za watu. Kutotafuta wa kumlaumu hakumhusu anayechezea miamala, wala anayefuta kumbukumbu ili asijulikane. Hao wana taratibu zao, na timu nzima inapaswa kujua mstari uko wapi.

Jiandae pia kwa jambo litakalomshtua meneja wako. Miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika timu za hospitali akitarajia timu zenye maelewano mazuri ziwe na makosa machache. Takwimu zilimwonyesha kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Alipochimba, akaona kwamba zile nyingine zilikuwa zikiyaficha. Nawe ukifanikiwa, miezi miwili ya kwanza habari mbaya zitaongezeka. Mweleze meneja mapema, kabla hajaziona, la sivyo atadhani timu imeharibika mikononi mwako.

Kuhusu watu watano wa nyongeza, kataa kwa sasa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake iko wazi. Watu saba wana jozi 21 za watu wanaopaswa kuelewana. Watu kumi na wawili wana jozi 66. Timu ambayo habari haipiti kwenye jozi 21 utaipa 66, na wale wale wanaojua mfumo ndio watakaoacha kazi kuwafundisha wageni. Kama uongozi unasisitiza, pokea mmoja au wawili baada ya toleo kutoka, au wape watano hao kazi inayojitegemea, kwa mfano ripoti za wafanyabiashara, mbali na muunganisho wa benki.

Limebaki jambo ambalo huliwezi peke yako. Ikiwa juu yako kuna mtu anayemwadhibu kila anayeleta habari mbaya, timu yako itakuwa salama kwa kadiri utakavyokubali kusimama mbele yao. Ripoti ya kwenda juu iandike wewe, isaini wewe, na jina la kijana lisiwemo. Utaweza kwa miezi kadhaa. Tumia miezi hiyo kumpeleka meneja kwenye kikao kimoja cha timu akae pembeni bila kusema, aone muamala wa shilingi 1,000 ukishindwa mbele ya watu wote na watu wakiushughulikia bila hofu. Mchagulie siku ambayo muamala umeshindwa kweli.